Rufani Isiyosikizwa

Mtu akishindwa rufani yake baada ya kusikizwa hurudi kwake akinung'unika, lakini amesikizwa. Yule ambaye rufani yake imetupwa kwa kuwa karatasi zilichelewa hakupata hata hilo. Shamba limekwenda, na hapana jaji wa rufani aliyetazama mpaka wake.

Tuiangalie Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Kanuni zake za mwaka 2009 zataka, katika mashauri ya madai, notisi ya rufani iwekwe ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na rufani yenyewe ndani ya siku 60 tangu notisi. Siku za kungojea nakala ya mwenendo wa shauri hutolewa katika hesabu, ila kwa masharti: nakala iombwe kwa barua ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na mjibu rufani apelekewe nakala ya barua ile. Asiyempelekea hupoteza msamaha huo wote, ijapokuwa aliyekawia ni Msajili.

Hatusemi mipaka ya siku iondolewe. Aliyeshinda naye ana haki ya kulala usingizi. Katika ombi la Lyamuya Construction, la mwaka 2010, Mahakama hiyo ilisema kwamba aombaye kuongezewa muda sharti atoe hesabu ya siku zote alizochelewa. Hilo twalikubali.

Lisilotuingia akilini ni hili. Marekebisho ya mwaka 2019 yalimwagiza Msajili awe na nakala tayari katika siku 90. Zikipita bila habari, mrufani ana siku 14 za kuifuata mwenyewe. Basi afisi ikichelewa, mzigo wa kukumbuka wamwangukia mkulima aliye mbali, naye hungoja aitwe, maana ndivyo alivyofundishwa na kila afisi aliyopata kuingia. Na Katiba, katika ibara ya 107A, yataka haki isikwamishwe na masharti ya kiufundi yaliyopita kiasi.

Twawaomba wenzetu walioko katika masijala za mahakama: barua ya kuomba nakala ikipokelewa, karani aandike juu ya karatasi anayobaki nayo mwombaji tarehe zitakapotimia siku 90, na tarehe ya mwisho ya zile 14, kwa tarakimu kubwa. Na kabla mwombaji hajatoka mlangoni, aulizwe kama mjibu rufani amekwisha kupelekewa nakala yake.