Kompyuta za Masoro na Pembetatu ya Darasani

Eneo Maalumu la Kiuchumi la Masoro, jijini Kigali, ndiko kampuni ya Positivo BGH ilikoanza kuunganisha kompyuta mpakato za shule katika muongo uliopita, miaka kadhaa baada ya Rwanda kuingia mwaka 2008 katika mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto. Kwa hiyo suala la vifaa, ingawa halijakwisha, si geni, na linalostahili kuulizwa sasa ni mwalimu wa hisabati anavitumiaje.

Programu shirikishi za jiometri, yaani zile ambazo umbo hubadilika papo hapo linapovutwa, zinapatikana bila malipo shuleni, na mojawapo, GeoGebra, iliyobuniwa na Markus Hohenwarter mwaka 2001, hufanya kazi hata pasipo intaneti. Mwanafunzi akiburuta kipeo, yaani ncha ambapo pande mbili hukutana, pembetatu hurefuka au hulala, ilhali jumla ya pembe zake hubaki nyuzi 180, jambo ambalo mchoro mmoja wa chaki hauwezi kulionyesha. Hata hivyo, kuona si kuthibitisha: skrini hukadiria desimali, na huenda ikatoa vipimo ambavyo jumla yake ni 179.9, nafasi adhimu ya kumdai mwanafunzi hoja ya mistari sambamba.

Mtaala wa umahiri, ulioanza kutumika mwaka 2016, unahimiza udadisi huo. Bodi ya Elimu ya Msingi ya Rwanda iwatengee basi walimu saa za kuyaandaa masomo hayo, na pasipo na maabara, projekta moja itatosha kuanzia.