Mtoto huyu ataandikwa jina la nani?

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe dukuduku langu juu ya jambo ambalo wananchi wengi hulizungumza kwa kunong'ona, nalo ni mwanamke kubeba mimba kwa niaba ya mwenzake.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, pande hizi za Shungimbili, Mafia. Nina watoto watatu. Mdogo wangu anayeishi bara alitokwa na damu nyingi alipojifungua mtoto wake wa kwanza. Mtoto alifariki, na madaktari wakalazimika kuondoa mfuko wa uzazi ili kuokoa maisha ya mama. Mayai yake bado ni mazima. Yeye na shemeji wamekwisha kutengenezewa viinitete hospitalini, navyo vimehifadhiwa kwenye baridi kali. Kinachokosekana ni tumbo la kuvilea, na tumbo hilo wameniomba mimi. Mume wangu nami tumekubali, bila malipo yoyote.

Kwa upande wa utabibu sina malalamiko, maana nimeelezwa nikaelewa. Kwanza hupimwa UKIMWI, kaswende, homa ya ini na shinikizo la damu. Kisha nitameza vidonge vya homoni ya estrojeni kwa muda wa wiki mbili hivi ili ukuta wa mfuko wa uzazi unenepe, na kipimo cha altrasaundi ndicho kitakachoonyesha kama umefikia kiasi. Hapo nitaongezewa homoni ya projesteroni, na baada ya siku kama tano kiinitete kimoja kitaingizwa kwa mrija mwembamba, bila kupasuliwa. Wiki mbili hivi baadaye damu itapimwa kujua kama mimba imeshika. Kwetu sisi wa visiwani hesabu hiyo ina taabu yake, kwa sababu siku ikishapangwa haisogezwi ovyo, na bahari kati ya Kilindoni na Nyamisati haiulizi kalenda ya mtu wakati kusi inapovuma. Hata hilo nimelipangia: nitavuka mapema, wakati wa likizo.

Taabu yangu ni karatasi. Nilipouliza mtoto ataandikwa kwa jina la nani, niliambiwa ataandikwa kwa jina la aliyemzaa. Nikauliza mdogo wangu atampataje mwanawe, nikajibiwa kwamba hayo yataonekana akishazaliwa. Ndugu Mhariri, ni mwalimu gani atakayewaambia wanafunzi wafanye mtihani kwanza, maswali yatatungwa baadaye?

Hapa nchini hatuna sheria mahsusi juu ya jambo hili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaeleza habari za kuasili mtoto kwa kuomba Mahakama Kuu. Je, mdogo wangu akaombe kuasili mtoto aliyetokana na yai lake mwenyewe? Je, mimi nikifa katika uzazi, mtoto ni wa mume wangu au wa shemeji? Shemeji akifariki kabla, ndugu zake watamkubali huyo kuwa mrithi? Na mtoto akizaliwa mlemavu, nani atakayelazimika kumpokea? Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 inampa mzazi likizo ya siku 84, na siku 100 akijifungua pacha. Mimi aliyezaa nitapumzika. Je, yule atakayekesha na mtoto ana haki ya siku ngapi?

Haya si mawazo ya mtu mwoga. Kwa jirani zetu wa Kenya, pacha waliozaliwa kwa njia hii walichukuliwa na maofisa na kupelekwa katika makao ya watoto, kwa sababu hospitali haikujua imwandike nani kuwa mama. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Nairobi, na mwaka 2014 Jaji Majanja alieleza wazi kwamba sheria inahitajika.

Kwa upande mwingine, Afrika Kusini mwaka 1987 mama mmoja wa mji wa Tzaneen, Pat Anthony, alimzalia binti yake watoto watatu kwa mpigo, kwa kuwa binti huyo alikuwa ameondolewa mfuko wa uzazi, kama mdogo wangu. Wenzetu wale baadaye walitunga Sheria ya Watoto ya mwaka 2005. Humo, mapatano hupelekwa Mahakama Kuu na kuthibitishwa kabla mimba haijatungwa. Anayebeba ni lazima awe na mtoto wake mwenyewe aliye hai. Biashara imepigwa marufuku. Na mtoto anapozaliwa ni wa wale waliomkusudia.

Najua kwamba Kanisa Katoliki na masheikh wengi wa Kisunni hawaliafiki jambo hili, na siandiki kubishana nao. Lakini mtoto akishazaliwa hana kosa lolote, naye anahitaji cheti chenye jina la mama yake. Tena penye kimya cha sheria ndipo madalali hupata mwanya wa kuwarubuni wanawake maskini wakodishe matumbo yao.

Hivyo basi, naiomba Serikali na Waheshimiwa Wabunge walifikirie jambo hili mapema. Itungwe sheria itakayosema neno lake kabla kiinitete hakijaingizwa, si baada ya mtoto kulia. Ikataze biashara, imlinde anayebeba, na imtaje mama wa mtoto bila kigugumizi.

Vidonge ninavyo kabatini. Mdogo wangu ananipigia simu kila jioni kuniuliza nitaanza lini, nami nashindwa kumjibu. Tumbo ninalo na moyo ninao. Ninachokosa ni mstari mmoja wa sheria.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Kijiji,
Mafia, Mkoa wa Pwani.