Zilipendwa na Nani? Juu ya Bendi za Tanga na Ukimya wa Wasomi

Neno "zilipendwa" limekuwa jina la nyimbo zote za dansi za zamani. Walitumiao hawakusudii ubaya, bali likitazamwa kwa jicho la sarufi lina ubaya wake. Kiambishi cha wakati chasema kwamba mambo yamekwisha, na kauli ya kutendwa yamficha aliyependa. Zilipendwa na nani, na wapi? Nani alizitunga? Mtangazaji hupiga wimbo wa Jamhuri Jazz adhuhuri ya Jumapili, husema kuwa ni wa zamani, kisha hupisha tangazo la sabuni. Msikilizaji haambiwi kuwa bendi ile ilikuwa ya Tanga, wala jina la aliyeshika gita.

Mtangazaji ana udhuru, kwa kuwa kazi yake ni kuburudisha. Wasio na udhuru ni wasomi wa lugha na fasihi, na hasa wale wamtukuzao Shaaban Robert. Mshairi huyo, mwana wa Vibambani karibu na Tanga, aliandika katika miaka ya 1950 Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alikuwa mtoto wa mfinyanzi wa Fumba, akauza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji, na mwaka 1928 sauti yake ikatiwa katika santuri huko Bombay. Alipofariki mwaka 1950, Shaaban Robert hakungoja chuo chochote kimpe idhini ya kumwona mwimbaji kuwa mtu wa kuandikiwa kitabu. Tangu hapo zimeandikwa tasnifu nyingi mno juu ya Shaaban Robert, na ni wachache waliofanya alilofanya yeye. Mwenye kutaka habari ndefu za muziki wa Tanga huelekezwa kwenye Performing the Nation, kitabu cha Mmarekani Kelly Askew kilichotolewa Chicago mwaka 2002. Ni kazi nzuri ya mtu aliyekaa Tanga na kujifunza. Ila imeandikwa kwa Kiingereza, na mzee wa Mabawa au Ngamiani aliyezicheza nyimbo hizo ujanani hawezi kukisoma, sembuse kukisahihisha.

Yafaa kukumbusha bendi hizo zilitoka wapi. Tanga ilikuwa na bandari, reli na mkonge. Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na mashamba makubwa yalikuwa yameuzunguka mji ule. Manamba walitoka Unyamwezi, Uha, Umakonde na kwingineko, wakajikuta wageni katika mji mmoja wenye lugha moja ya kusemezana. Katikati ya miaka ya 1950 walianzisha bendi iliyoitwa Young Nyamwezi. Baada ya uhuru bendi hiyo ikajulikana kwa jina la Jamhuri Jazz. Hebu mwanahistoria ayatazame majina hayo mawili, la kabila na la taifa, aone kama kuna hati ya serikali ielezayo safari hiyo kwa maneno machache hivyo. Kandoni mwake kulikuwa na Atomic Jazz ya John Kijiko na mwimbaji Steven Hiza, na Amboni Jazz pia. Zote ziliimba Kiswahili ambacho kijana wa Tabora na wa Pangani walikielewa sawasawa. Wale wahesabuo walioeneza Kiswahili bara hutaja shule, misheni, jeshi na chama, na kwa nadra sana humtaja mpiga gita.

Husemwa kwamba bendi hizi ziliiga tu rumba ya Kuba. Ni kweli kwamba santuri za GV, zilizoleta muziki wa Kuba Afrika tangu miaka ya 1930, zilisikilizwa mno pwani, na mapigo yake yamo katika gita za Tanga. Lakini hoja hii yaletwa na watu wale wale wafundishao Hamziya kuwa kito cha fasihi ya Kiswahili, nao wajua kwamba Hamziya ni tafsiri ya kasida ya Kiarabu ya al-Busiri. Kwa nini kuazima kuwe ustadi kwa mshairi na wizi kwa mwanamuziki? Kilichoazimwa Kuba kilikuwa mwendo. Maneno, mafumbo, masuto, hata namna ya kumwita mpenzi bila kumtaja, vilikuwa vya nyumbani.

Walio wakali zaidi ni washika taarab. Black Star Musical Club ya Tanga iliingiza gita la umeme, besi na mapigo ya dansi katika taarab, na Lucky Star ikawa mwenzake. Wapo waonao kuwa hapo ndipo taarab ilipoharibika. Aonaye hivyo na amsikilize kwanza Shakila binti Saidi, mzaliwa wa Pangani mwaka 1947, aliyeimba katika vikundi hivyo kabla ya kwenda Dar es Salaam kuimba na taarab ya JKT, akafariki mwaka 2016. Mtindo wa Tanga ulipokewa Mombasa, ukasikika hata Burundi. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa santuri ya vikundi hivi viwili, ikaiita Nyota. Basi London iliona thamani ambayo mabingwa wa mashairi ya pwani waliipuuza.

Bei ya mkonge ikaporomoka kwa kushindwa na kamba za plastiki, na ujira wa wachezaji ukapungua. Dar es Salaam palikuwa na studio za redio na bendi za mashirika, kama NUTA Jazz ya mwaka 1964, zenye mshahara wa kila mwezi. Nairobi palikuwa na viwanda vya santuri. Ndugu Wilson na George Kinyonga walitoka Jamhuri Jazz, wakapitia Arusha, wakahamia Kenya na bendi yao ya Simba Wanyika. Mwaka 1978 wenzao kadhaa walijitenga wakaunda Les Wanyika. Leo gita lile tamu, lenye nyuzi zijibizanazo, laitwa muziki wa Nairobi. Nairobi haikuiba kitu. Iliwapa wageni kazi na ikawapenda. Ila asemaye historia ya gita lile akaanzia Nairobi amefungua kitabu katikati.

Wapo bado watakaodai kwamba nyimbo za baa hazistahili chuo kikuu. Mwaka 1976 vijana wa London walianzisha muziki wa panki, wenye kelele nyingi na ustadi mdogo, nao wenyewe walijisifia hivyo. Mwaka 2016 maktaba ya taifa la Uingereza ilifanya maonyesho ya miezi kadhaa juu ya miaka mitatu tu ya muziki huo, ikatandaza matangazo yake na magazeti ya kudurusu kama hati za wafalme. Hakuna aliyesema kwamba heshima ya Shakespeare imepungua.

Kanda za redio ziko Dar es Salaam, na santuri nyingi ziko mikononi mwa wakusanyaji wa Ulaya. Kisichoandikwa ni nani alitunga beti zipi, nani alimfundisha nani gita, klabu ipi ilijaa siku gani, na wimbo gani ulikuwa suto kwa nani. Hayo wanayo wazee. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1965 sasa amefika 80. Mwanafunzi atafutaye mada ya tasnifu akipanda basi la asubuhi Dar es Salaam, huwasili Tanga mchana, na jioni nzima ya mazungumzo humbakia.