Ujanja wangu ulivyomponza dada mpakani

Kila mwisho wa mwezi nalipa deni ambalo sikulikopa. Kaa chini nikupe mkasa.

Nina dada yangu, mkubwa kwangu, yuko Iringa. Anasuka vile vikapu vya milulu ambavyo watalii wakiviona macho yanawatoka. Mwaka juzi alikuja Dar kwenye Sabasaba, akafikia kwangu Mbagala. Siku ya tatu tu akapata mteja, mama mmoja mwenye duka Nairobi, akaagiza vikapu 120. Usiku ule dada alikuwa anacheka peke yake. Akarudi kwake, akakopa VICOBA, akagawana kazi na wenzake, miezi miwili mzigo tayari.

Hapo ndipo akaniuliza mimi, mtoto wa mjini: "Hivi mdogo wangu, huko mpakani wanataka nini?"

Nikajifanya mjuzi. "Dada, makaratasi ya nini kwa vikapu? Ukijipeleka mwenyewe utamalizwa na ushuru. Nina jamaa yangu anajua njia ya pembeni."

Bwana wee! Njia ya pembeni ndiyo hiyohiyo njia ya panya. Mzigo ukakamatwa usiku porini, ukaitwa magendo, ukaenda na maji. Jamaa yangu akazima simu. Dada akabaki na mkopo, mimi nikabaki na aibu.

Kilichoniuma zaidi kilikuja baadaye. Nilikaa kwenye basi na mama mmoja anayepeleka bidhaa Nairobi mara kwa mara. Nikamsimulia, akanitazama kama mtoto mdogo: "Kwani dada yako hakujaza ile fomu?"

Fomu gani tena? Kumbe ipo! Ukiwa na mzigo uliotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, uko kwenye orodha yao, na thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, unajaza cheti rahisi cha uasili wa bidhaa palepale mpakani. Watu wa forodha wanagonga muhuri, ushuru wa forodha hulipi. Kodi nyingine za nchi unayoingia zinaweza kuwepo, lakini ule ushuru niliomtishia dada, haupo. Na vikapu vyote vile havikufika hata dola 1,000! Namanga yenyewe tangu 2018 ni kituo cha pamoja, maofisa wa nchi mbili wako chini ya paa moja.

Si hicho tu, jamani. SIDO ipo tangu 1973. TanTrade iliundwa kwa sheria ya 2009 ikashika kazi za ile Bodi ya Biashara ya Nje ya 1978, na kutafutia bidhaa zetu masoko ndiyo kazi yake. Mwaka 2022 parachichi zetu zilifunguliwa mlango wa China. Mlango ule haukupatikana kwa njia ya panya. Serikali ilikaa mezani na wenzao, wakakubaliana masharti, wakatia saini.

Kwa hiyo milango inafunguliwa, sikatai. Taabu ni kwamba mfunguaji yuko ukumbini na tai shingoni, na msuka vikapu yuko gulioni. Wakubwa zangu, mbona gari la chanjo hupita mitaani na kipaza sauti hadi bibi kizee anasikia? Pitisheni na la soko la nje. Mwambieni mama wa kikundi, kwa Kiswahili cha sokoni, karatasi gani inatakiwa, inapatikana wapi na bei yake. Asipoambiwa na nyinyi, ataambiwa na mjanja kama mimi.

Nawe msomaji mwenye chako cha kuuza nje, usione haya kuuliza. Kuuliza ni nauli ya daladala tu. Kutouliza kulitugharimu vikapu 120.

Nusu ya deni nimeibeba mimi, bado miezi minne. Dada ameanza tena, vikapu 30 tu, na fomu atajaza mwenyewe. Alinipigia juzi kunisalimia. Habari za mpakani hakuniuliza.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.