Jeneza la Lumumba: kwa nini halikupita Mbanza-Ngungu?

Mwezi wa sita 2022, jeneza lenye jino la Patrice Lumumba lilizungushwa nchini kabla ya kuzikwa. Lilitoka Brussels na kufika Kinshasa tarehe 22, likapelekwa Onalua, Sankuru, alikozaliwa, kisha Kisangani, kisha Shilatembo karibu na Lubumbashi, alikouawa. Tarehe 30 likawekwa Limete, mjini Kinshasa.

Katika safari hiyo kuna mji mmoja mdogo unaokosekana: Mbanza-Ngungu, zamani Thysville, katika jimbo la Kongo-Central. Ni humo, katika kambi ya jeshi ya Hardy, Lumumba alifungwa tangu mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili 1960. Alitolewa asubuhi ya tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Usiku uleule wote watatu waliuawa Katanga.

Umbali hauwezi kuwa jibu. Onalua iko ndani kabisa ya Sankuru, jimbo ambalo barabara zake kila msafiri anazijua, na jeneza lilifika. Mbanza-Ngungu iko kwenye lami ya Kinshasa-Matadi, kilomita zinazokaribia 150 kutoka mji mkuu. Unaondoka asubuhi, jioni umerudi.

Mtu anaweza kusema kwamba haiwezekani kupita kila mahali Lumumba alipokanyaga. Ni kweli. Lodi, kando ya mto Sankuru, alipokamatwa tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili 1960, nayo haikufikiwa. Lakini tuangalie ni vituo gani vilivyoachwa. Onalua ni kuzaliwa. Kisangani ni siasa, ngome ya chama chake cha MNC. Shilatembo ni kifo, na huko lawama zinawaendea Tshombe, watu wake wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji waliokuwa pamoja nao. Lodi na Thysville ni habari nyingine. Waliomkamata na waliomlinda gerezani walikuwa askari wa jeshi la taifa, chini ya Mobutu. Askari wa Thysville walipoasi tarehe 13 mwezi wa kwanza 1961, Kasa-Vubu, Mobutu, Bomboko na Nendaka walienda wenyewe kutuliza kambi. Siku nne baadaye mfungwa akapelekwa kwa maadui wake.

Kwa maoni yangu, kiini kiko hapo. Kupokea jino kutoka mikononi mwa Wabelgiji ni jambo ambalo serikali yoyote ya Kinshasa italifanya kichwa juu. Kusimama na jeneza mbele ya gereza lililolindwa na Wakongomani wenyewe ni kazi ngumu zaidi, hasa mbele ya wanasiasa ambao baadhi yao walikulia katika utawala wa Mobutu.

Baadaye sheria ilirudi palepale ambapo msafara haukupita. Mwezi wa sita 2025, ofisi ya mwendesha mashtaka ya Ubelgiji iliomba Étienne Davignon apelekwe mbele ya mahakama. Wakati wa mambo hayo alikuwa mwanadiplomasia kijana. Kati ya Wabelgiji kumi walioshtakiwa na familia ya Lumumba mwaka 2011, alikuwa amebaki hai yeye peke yake, naye alikana. Mashtaka yaligusa kufungwa na kuhamishwa kwa Lumumba kinyume cha sheria, kunyimwa haki ya kuhukumiwa, na kutendewa kwa kudhalilishwa. Kufungwa huko kulikuwa Thysville. Kuhamishwa huko kulianzia Thysville.

Kila mwaka tarehe 17 mwezi wa kwanza ni siku ya mapumziko nchini kote, na wakubwa wanamkumbuka Lumumba mjini Kinshasa. Kupeleka shada la maua Mbanza-Ngungu asubuhi ya siku hiyo, saa ambayo wafungwa watatu walitolewa, hakuhitaji ndege wala kamati ya taifa. Gari na mafuta vinatosha.