Mambo ya Nyumba: Tundu la paka, nani anaingia usiku?



Nilikuwa nimeahidi kuandika juma hili juu ya kukausha mihogo wakati wa mvua. Mihogo itangoja. Tangu mkutano wetu wa mwisho mama watano wameniuliza juu ya tundu la paka, na wawili wameshatoboa milango yao bila kumwuliza mtu. Afadhali niseme yote niliyojifunza, hata yale ya aibu.

Kwetu Kadutu nyumba nyingi ni za mbao, zimeshikana ukuta kwa ukuta kwenye mteremko, na panya hawajui mpaka. Nyumbani kwangu walikula sabuni, walitoboa gunia la maharagi, walikatakata daftari la mtoto juma moja kabla ya mtihani. Nilivumilia. Usiku walipomng'ata mjukuu wangu kidole cha mguu nikasema basi. Mama mmoja wa kikundi chetu akanipa paka jike, mdogo, wa rangi ya majivu, na baada ya miezi michache panya wakaanza kuhamia kwa jirani. (Jirani anisamehe.)

Lakini paka ni mtu wa usiku. Saa nane anakwaruza mlango anataka kutoka. Saa tisa anakwaruza anataka kuingia. Na ninyi mnajua, kwetu mtu hafungui mlango saa nane za usiku kwa ajili ya jambo dogo. Baba watoto akachukua msumeno, akakata tundu chini ya mlango wa jikoni. Mimi niliona haya: mlango mzima, umetobolewa, wageni watasema nini? Binti yangu akaniambia kwamba kule Uingereza, katika kanisa kuu la Exeter, kuna mlango wa zamani wenye tundu la paka chini yake, na linaonekana hata leo, maana panya walikuwa wakisumbua nyuma ya saa kubwa ya kanisa. Nikanyamaza. Kama nyumba ya Mungu imekubali, jiko langu ni nani hata likatae?

Juma la kwanza tulilala kama watoto.

Juma la pili paka aliingia na panya mzima mdomoni, akamwachilia chini ya kitanda. Paka akikamata kitu nje anapenda kukileta mahali anapoona pana usalama, na mahali penyewe ni kwako. Kwa hiyo tundu nililotoboa juu ya panya likawa linaniletea panya. Kisha sambaza zikaanza kupungua kwenye kapu. Nikampiga paka. Zikapungua tena, nikampiga tena. Kisha harufu ya mkojo karibu na unga. Kisha akazaa, watoto wanne, ndani ya valizi, juu ya kikwembe nilichokuwa nimekiweka kwa ajili ya harusi. Mimba ya paka ni miezi miwili na siku chache tu, na anaweza kushika nyingine wakati bado ananyonyesha. Mwenye tundu mlangoni asishangae.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niache mihogo.

Jirani yangu, mama kijana mwenye watoto watatu, aliona tundu letu akataka la kwake. Usiku mmoja mtoto wake mdogo alikuwa na homa kali. Mama akaamka, akawasha tochi ya simu, akaona macho mawili ya kijani yakiwaka juu ya gunia, karibu na kichwa cha mtoto. Paka mweusi, mkubwa. Hakukimbia. Alimtazama tu. Mama alipiga kelele avenyu nzima ikaamka.

Asubuhi kwenye robine maneno yalikuwa yameshapikwa. Yule paka ni wa koko. Koko ni mama mzee, mjane, anakaa peke yake katika nyumba ya mwisho karibu na mfereji. Kila jioni anatoa mabaki ya bugali nje, na paka wanakuja kula. Kosa lake ni hilo. Saa nne kulikuwa na mtu aliyesema alimwona koko akipita mbele ya nyumba ile jana yake. Saa sita vijana walikuwa kwenye kona, wakisema mambo ambayo sitayaandika hapa. Wote mnajua maneno ya namna hiyo yanaishia wapi. Mjini tumeyaona, vijijini tumeyaona, na mara zote anayeyalipa ni mama mzee asiye na mtu wa kumsemea.

Tuligawana kazi. Mama wawili wakaenda kukaa na koko, wakachambua sombe pamoja naye mlangoni kwake, mahali ambapo kila anayepita anawaona. Mmoja akaenda kwa shefu wa avenyu. Mimi nikaenda na jirani na mtoto mpaka kituo cha afya. Wakamtoboa kidole, wakapima damu: palu. Wakampa dawa, na siku ya pili jioni homa ikaanza kushuka.

Lakini karatasi ya kituo cha afya haikutosha. "Palu, nimekubali," jirani akaniambia njiani. "Lakini mama, ni nani aliyemtuma paka?" Sikumlaumu. Mimi mwenyewe, kama ningeyaona macho yale karibu na mjukuu wangu usiku, sijui ningesema nini. Nikamwuliza gunia alilokalia paka lilikuwa na nini. Akafikiri kidogo. Lilikuwa na sambaza kavu, alizonunua ili akauze Jumamosi.

Jioni ile nikachukua majivu ya mbabula, nikayachekecha, nikayatandaza sakafuni mbele ya tundu langu, na mbele ya la jirani pia. Ndani kwangu nikaweka sahani ya vichwa vya sambaza. Nikamwita jirani, na mama wengine wawili, na mmoja wa wale vijana, aliyekuwa akisema kuliko wote. Simtaji, mama yake anasoma ukurasa huu. Tukazima taa, tukakaa kimya juu ya kitanda kama watu wanaongoja mashua ya Goma.

Karibu saa tano kichwa cheusi kikaingia. Masharubu yakapima tundu, yakafuata mabega, mwili, mkia. Sikio la kushoto limechanika. Akaenda moja kwa moja kwenye sahani kama mtu aliyeitwa mezani. Kijana akawasha tochi: macho yakawaka kijani. Nikamwambia amulike juu ya kabati, pale alipokuwa amelala paka wangu. Macho yake nayo yakawaka. Nyuma ya jicho la paka kuna utando unaorudisha mwanga kama kioo, ndiyo maana anaona mahali ambapo sisi tunapapasa. Mbwa anao, mbuzi anao, ng'ombe anao. Kijana akasema "Ah," basi. Jirani alianza kucheka, halafu akalia.

Asubuhi tukasoma majivu. Kulikuwa na nyayo za paka watatu, siyo mmoja: wangu mdogo, yule mweusi, na mwingine ambaye hata leo sijamwona uso. Na katikati yao nyayo ndogo ndogo, na mstari mwembamba wa mkia ukiburuzwa. Panya. Walikuwa wanapita tundu lilelile, kwa miguu yao, bila kubebwa na mtu. Na paka wangu nilikuwa nimempiga mara mbili kwa sambaza ambazo labda hakuzionja.

Jirani alimpelekea koko sabuni na sukari. Vijana hawakwenda kuomba msamaha, nasema ukweli. Lakini pale kwenye kona wanazungumza mpira sasa.

Tundu sikuliziba. Nimelirekebisha, na hivi ndivyo nilivyofanya. Kwa paka wa kwetu upana wa sentimita 16 na urefu uleule unatosha. Paka anapitisha mwili mahali masharubu yanapopita. Ukingo wa chini uwe juu ya sakafu sentimita 10 au zaidi, kusudi maji ya mvua yasiingie na mlango usioze. Kifuniko ni kipande cha ubao mwepesi, kimening'inizwa kwa vipande viwili vya mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, ili kirudi chenyewe baada ya paka kukisukuma. Pembeni tumepigilia bati jembamba, maana ubao mtupu panya watautafuna. Na kwa ndani kuna komeo dogo. Komeo ndilo lenyewe! Bila komeo mmeweka mlango wa wote.

Msimfungie paka kifuniko siku ya kwanza na kumtarajia aelewe. Mimi nilikifunga kwa kamba kikae wazi siku tatu, kisha nikakishusha nusu, huku sambaza moja ikiwa upande wa pili. Baada ya juma moja alikuwa anakisukuma kwa kichwa bila kufikiri. Jioni, saa kumi na mbili, anapata chakula chake ndani, na akishaingia nafunga mpaka asubuhi. Kuna mama wanaosema paka akishiba hawindi. Si kweli, anawinda kwa sababu ni paka. Aliyeshiba anawinda na anakaa nyumbani. Mwenye njaa anakwenda kwa watu. Maziwa msimpe mengi, paka wakubwa wengi yanawaharisha. Na parasetamo msimpe kabisa hata akionekana ana homa, kidonge kimoja kinaweza kumwua.

Sumu ya panya, nawaomba, muiache. Panya aliyekula sumu hafi hapohapo, anatembea polepole, na paka anamkuta. Baada ya hapo mtazika paka, na panya watarudi. Na watoto wetu wanaotambaa wanaokota kila kitu.

Kama mmefunga usiku, paka anahitaji mahali pa haja. Beseni la zamani lenye mchanga au majivu linatosha. Na hapa ninyi wenye mimba msikilize vizuri, maana mke wa mwanangu alirudi kutoka CPN akilia kwamba wamemwambia amfukuze paka. Nilikwenda naye juma lililofuata kumwuliza muuguzi mwenyewe, na hakusema hivyo. Kuna ugonjwa unaoitwa toksoplasimosi. Mama akiupata kwa mara ya kwanza wakati wa mimba unaweza kumdhuru mtoto tumboni, macho yake, ubongo wake, hata mimba kutoka. Vijidudu vyake vinaweza kuwa katika mavi ya paka, lakini vinahitaji siku moja au zaidi kabla havijaweza kuambukiza. Kwa hiyo beseni lisafishwe kila siku, na asilisafishe mwenye mimba. Kwangu kazi hiyo ni ya baba watoto, ndiye aliyetoboa mlango. Kumshika paka mgongoni si hatari kubwa. Nyama isiyoiva ni hatari, mboga zisizooshwa ni hatari, na udongo wa bustani ambao paka wote wa avenyu wamepitia ni hatari. Mlime kwa glavu kama zipo, na mnawe kwa sabuni kabla ya kushika chakula.

Paka asilale na mtoto mchanga. Na mtoto akiumwa au akikwaruzwa na paka msiyemjua, jeraha lioshwe palepale kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha muende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo kama la sindano. Kile tunachoita kichaa cha mbwa paka naye anakipata na anakipitisha, na dalili zikishaanza kwa mtu hakuna dawa ya kumrudisha. Chanjo inasaidia kabla.

Yule dume mweusi bado anakuja. Anakuta komeo, anakaa nje analia, na mkojo wake anaumwaga ukutani. Daktari wa mifugo anaweza kumhasi, na dume aliyehasiwa hapigani sana wala hanyunyizi mkojo kama zamani. Tatizo ni kwamba hana mwenyewe wa kulipa. Koko amesema kama avenyu itachanga, yeye atamshika, maana ndiye pekee anayekubaliwa kumgusa. Mpaka sasa nyumba sita zimetoa kitu, na jirani yangu ndiye aliyetoa wa kwanza.

Kuhusu wale watoto wanne wa kwenye valizi: mmoja amekwenda kwa jirani, mmoja mke wa shefu wa avenyu amemweka jina lake. Wamebaki wawili, dume na jike. Wana majuma matano, na siwatoi kabla hawajafikisha manane. Anayetaka anione siku ya mkutano, aje na kapu lenye kifuniko, na kwanza aniambie mlango wake ukoje.