Tusingoje Agosti

Wananchi wenzangu wa Nyamache, uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Najua tutajitokeza. Ombi langu linahusu siku nyingine itakayotangulia uchaguzi huo, siku ya mchujo wa vyama.

Je, mwakilishi humfanyia nani kazi kwa bidii zaidi? Ni yule anayeweza kumnyima nafasi ya kurudi. Nanyi wakulima wa kiwanda chetu cha chai mnalijua hilo. Mkurugenzi anayetegemea kura zenu hufika kituoni mnapopimia majani, akasikia habari za kilo na bonasi. Angekuwa anateuliwa na mtu mmoja huko Nairobi, angefika mara ngapi?

Kila mbunge wa eneo bunge, na wako 290, hushinda kwa kuwapita wenzake tu, hata asipofikisha nusu ya kura. Chama kikiwa na nguvu mahali, mwenye tiketi yake ameshakaribia Bunge. Tiketi ikitolewa na wachache, macho yatawaelekea hao wachache. Simlaumu mtu; hata mimi na wewe tungeangalia huko.

Wazee wanaukumbuka mlolongo wa 1988. KANU ilikuwa chama pekee, na wanachama walipanga foleni peupe nyuma ya wagombea au picha zao. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita bila kupingwa. Kura ya siri iliyofuata haikufika kwake. Muulizeni nyanya au babu nyumbani: nani alithubutu kusimama kwenye foleni fupi huku chifu akitazama?

Leo tuna nafasi kubwa zaidi. Katika mchujo wa moja kwa moja, anayepiga kura ni mwanachama aliyesajiliwa. Chama kikitumia wajumbe, hao nao ni majirani zetu, watu wa kuzungumza nao mapema.

Basi, unajua jina lako limo katika daftari la chama gani? Angalia kwenye eCitizen jioni hii, na umwangalizie mama asiye na simu janja. Mwenye duka, siku ya mchujo mruhusu msaidizi wako atoke kidogo akapige kura. Na popote katika wadi 8 za eneo bunge letu, Masige hadi Nyacheki, mgombea akija kanisani au kwenye matanga, tumwulize kwa heshima: tiketi unaitafuta kwa nani? Atutajie na siku na mahali pa mchujo, ili tujipange.